Verlon Tidmore na Jumamosi ya Tatu ya Desemba

Kila Agosti, wiki chache kabla mpira wa Kimarekani wa vyuo haujaanza, Verlon Tidmore hupandwa na wazimu. Hiyo si siri, muulize yeyote pale Opaline, Alabama. Mwaka mzima ni mtu wa maana, fundi wa matrekta, tena shemasi wa Wabaptisti. Lakini joto la Agosti likishika, kutwa yuko kwenye simu ya jikoni, anapigia kipindi cha michezo cha redioni kutabiri timu ambazo hazijacheza hata dakika moja. Anashabikia Kobe, timu ya chuo cha jirani, na kwa miaka thelathini Kobe wamemaliza msimu mkiani au jirani na mkia.

Ndiyo maana mchujo wa ubingwa ulipopanuliwa kutoka timu nne hadi kumi na mbili, Verlon alitokwa machozi. Zamani za timu nne, mchujo ulianza mwaka mpya unabisha hodi, na Kobe waliutazama kwenye runinga kama sisi wengine. Wenzake wakalalamika kwamba sasa kila goigoi ataingia. Yeye akasema kumi na mbili hazitoshi, ziwe ishirini na nne. Ubishi huo aliubeba mpaka kwenye matanga ya shemeji yake, wala hakuona haya.

Sasa, kuna jambo moja ambalo Opaline hawafanyii mzaha. Harusi haifungwi Jumamosi ya msimu wa mpira. Ukithubutu, waalikwa hawaji, na mchungaji mwenyewe atakufungisha ndoa redio iko sikioni. Kwa hiyo Maribeth, binti wa pekee wa Verlon, aliacha msimu wa kawaida upite, akachagua Jumamosi ya tatu ya Desemba. Baba mtu alikubali tangu Machi, na kadi zikaenda.

Basi asubuhi moja ya Agosti Verlon alikuwa hewani, na mtangazaji, Coy Hathcock, alikuwa anamchokoza kwamba Kobe hata wakiongezewa miguu hawafiki popote. Mzee akapanda mori. Akasema mwaka huu Kobe watashika nafasi ya nane, na timu ya nane inacheza raundi ya kwanza, ambayo siku hizi ni Desemba, kwao nyumbani.

"Jumamosi ya tatu ya Desemba nitakuwa uwanjani," akanguruma, "kwenye kiti changu kile kile, na wewe Coy utakuja kuniomba radhi."

Wapigaji huambiwa wazime redio zao, maana redio huchelewa sekunde kadhaa. Verlon hakuwahi kuzima, alipenda kujisikia. Basi maneno yake yakamrudia kutoka juu ya friji: Jumamosi ya tatu ya Desemba. Nadine, mkewe, aliyekuwa anapiga pasi, akaisimamisha pasi taratibu, akamtazama.

"Usikate, mzee," Coy akasema. "Kuna mpigaji mwingine ana swali kwako."

"Ni Maribeth. Baba, siku hiyo nani atanishika mkono kunipeleka mbele ya kanisa?"

Verlon akababaika, eti labda kuna tarehe nyingine. Maribeth akamkatisha. Kadi zimeshakwenda, na hiyo tarehe aliichagua akijua fika kwamba mchujo upo.

"Nilijua tu Kobe hawafiki, baba."

Lo! Hapo alimchoma maini. Watu baki kuwatukana Kobe alishazoea, lakini damu yake mwenyewe, tena hewani? Akafungua kinywa aseme watafika, mwaka huu watafika. Kisha akaona kwamba wakifika, itambidi achague. Na huyu ndiye mtoto ambaye yeye Verlon alimbeba mabegani kuingia uwanjani akiwa na miaka mitatu, kamvalisha kofia ya gamba la kobe iliyomfunika mpaka puani.

"Coy," akasema polepole, "nimefikiri upya. Timu nne zinatosha."

Coy hakuamini masikio yake, akamwomba arudie. Verlon akarudia, na redio juu ya friji ikayarudia tena, wilaya nzima inasikia.

"Asante, baba," Maribeth akasema.

Verlon akaweka simu chini, akamwomba Nadine amtolee ile suti nyeusi aone kama bado inafunga.