Siku Baba Alipotakiwa Kuniozesha

Wakati wa vita, mnyororo wa kreni ulimgonga baba kichwani pale bandarini. Jeraha lilipona, nywele zikaota, na watu wa Jomvu Kuu wakadhani yamekwisha. Hayakwisha. Mambo ya zamani aliyakumbuka kuliko sisi sote, ila alilolifanya punde lilimtoka, hasa penye kelele. Aliweza kumaliza uji, akaweka bakuli chini, kisha akauliza kwa upole kama leo hatupiki. Wengine waliuita wazimu. Haukuwa wazimu. Fikiria chujio: makubwa ya zamani yalibaki, madogo ya sasa hivi yalipita.

Nilipoposwa na kijana wa Mtongwe, baba mdogo alitaka aniozeshe yeye, kwa kuwa walii, yaani anayemwoza binti, sharti awe na akili timamu. Mimi nilimtaka baba. Mwalimu wa msikiti akasema atamtazama siku yenyewe, ndipo aamue.

Siku ya nikahi nilikuwa ndani na mama, nachungulia dirishani. Wageni walikuwa wameketi mikekani kwa mstari. Baba akawasalimu mmoja mmoja, vizuri kabisa: hali, watoto, safari, mbuzi. Alipofika kwa wa mwisho akageuka, akaona mstari mzima wa watu ambao hajawasalimu. Akaanza upya. Kwetu mtu mzima hakatizwi salamu, basi wageni wakajibu tena yote, mpaka afya ya mbuzi. Alipoanza mara ya tatu, mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba watu wa Jomvu wana adabu ya kuchosha.

Baba mdogo akaanza kujisogeza kwenye nafasi ya walii. Nikajua tukinyamaza, baba atavuliwa heshima yake mbele ya wakwe. Nikamkumbusha mama tulilolijua sisi wawili: baba akiwa ameshika kitu mkononi, hapotei. Jembe, kamba, hata kuku. Maadamu amekishika, kazi ataimaliza. Na katika nikahi, walii na bwana harusi hushikana mikono.

Mama akasema dirishani, "Mpeni mkono wa bwana harusi sasa hivi."

Baba akaushika. Akatulia. Mwalimu akamuuliza anamwoza nani.

"Binti yangu," alisema baba. "Huyo anayechungulia dirishani na kudhani haonekani."

Mwalimu alicheka, akamrudisha baba mdogo mkekani. Baba akayasema maneno yote bila kukosea, bwana harusi akakubali, dua ikasomwa, masinia ya pilau yakaletwa. Mkono hakuuachia. Bwana harusi, mkono wake wa kulia ukiwa kifungoni, akawa anaitazama pilau ikipoa.

"Nimeshamwoza?" baba alimuuliza.

"Umeshamwoza, baba."

"Mwenyewe anajua?"

Bwana harusi akageukia dirishani, maskini, njaa imemkaba.

"Najua, baba," nikasema.

"Haya, kula, mwanangu," alisema baba, akamwachia.