Posta ya Mawe na Mwandiko Wangu

Jana asubuhi niliteremsha nguo kwenye kamba nikazikuta na vumbi jeupe. Sikujua ni vumbi la nini mpaka nikaweka shuka puani. Lilinuka posta. Sijui kama utaniamini, lakini chokaa iliyokaa miaka mingi ndani ya ukuta mnene ina harufu yake, ya baridi, kama ndani ya mtungi. Nikajua wameanza kubomoa. Nguo nyingine niliziacha hapo hapo.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo nikikosea unisamehe. Shule niliachia darasa la saba. Jina la mji sitalitaja. Ni hapa Makueni, pahali reli na barabara ya Mombasa zinakaribiana, na kama uliwahi kupita zamani, posta yetu unaikumbuka. Mawe yake yalichongwa kwa mkono. Nilipokuwa mdogo nililaza mkono wangu wote juu ya kizingiti cha dirisha, kutoka kwapani hadi vidole, na bado haukutokea upande wa pili. Mbele kulikuwa na baraza ya nguzo nne. Madirisha yalikuwa marefu, yamewekwa juu, ili joto lipande litoke. Sakafu nyekundu ilipigwa nta mpaka ukaona miguu yako mara mbili. Kando ya mlango kulikuwa na tundu la barua lenye mdomo wa shaba, unang'aa kwa sababu ya mikono ya watu tu.

Aliyechora nyumba ile, hata kama simjui, alijua Ukambani ni wapi. Paa lilizungukwa na mfereji wa kukinga maji ya mvua, yakashuka kwa tangi la mawe huko nyuma. Kiangazi kikikaza, karani wa posta alifungua bomba siku ya Ijumaa, kila nyumba debe moja. Letu nililibeba mimi, mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Alama ya kamba ilikuwa haitoki mpaka Jumapili kanisani.

Susu, yaani nyanya yangu, ndiye alinilea. Baba yangu alikuwa Mombasa akifanya kazi bandarini, na habari zake zilikuja na gari la moshi, ndani ya gunia. Tulingoja gunia hilo barazani, mimi na susu na wamama wengine, tukila muthokoi baridi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, uliofungwa kwa kitambaa. Ndani tulisikia muhuri ukipigwa, kwanza kwa wino, halafu kwa karatasi, tu-ta, tu-ta, tu-ta. Nikisikia fundi viatu akigonga leo, bado nageuza kichwa.

Wengi wa wamama hao hawakusoma. Mimi ndiye niliwaandikia barua, nimepiga magoti, karatasi juu ya benchi. Karani alikuwa anainama dirishani akiangalia. "Herufi zikae kwa mstari," alikuwa akisema. "Zako zinaenda sokoni." Jirani yetu, ambaye wakati huo alikuwa bibi arusi na mume wake ako Nairobi, alinipa mbaazi za kuchemsha na kuniambia maneno mengine niyaandike kwa herufi ndogo ndogo, ili mama mkwe asiyaone.

Kifurushi kikifika cha kutiwa sahihi, karani alifunika mstari kwa kidole. "Soma kwanza. Jina likishaingia hapa, halitoki."

"Nisome na nini?" susu alimjibu kila mara. "Macho niliyaacha shambani."

"Basi mjukuu asome."

Nami nilisoma kila neno, hata namba, watu nyuma wakipiga kelele kwamba wanachelewa. Ndipo susu akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakipangusa kwenye ukuta wa baraza. Ukuta ule ulikuwa na vidole vya wamama wengi.

Sasa nisikilize kwa haki, kwa sababu nataka kusema na ya upande ule mwingine. Posta ilikuwa imefungwa miaka mingi. Paa lilivuja. Popo walijaa mpaka huwezi kuingia bila kufunika pua. Mimi mwenyewe sikumbuki barua ya mwisho nilituma lini, mambo yote yako kwa simu. Tajiri aliyenunua ploti aliahidi maduka, na vijana wetu hawana kazi. Yote hayo ni kweli.

Lakini jana nilipofika, mashine ilikuwa imeshaangusha nguzo mbili. Nikamfuata msimamizi, nikamuuliza ni nani alimruhusu. Hakunitukana. Alinitazama tu kama mtu aliyechoka.

"Si nyinyi wenyewe, mama? Mlikubali. Karatasi iko kwa ofisi ya chifu."

Hapo nikakumbuka ni karatasi gani.

Miezi michache nyuma tuliitwa mkutano chini ya hema. Tuliambiwa tumekuja kusikiliza habari za ploti. Kukapeanwa soda na mkate, halafu karatasi ya mahudhurio. Naibu wa chifu akasema, "Mama, wewe unaandika vizuri, saidia hawa." Nikafurahi. Ukweli ni kwamba nilifurahi sana. Niliandika majina ya wamama kumi na mmoja, kila mmoja akabonyeza kidole mbele ya jina lake. Jirani yetu, sasa ni mzee, meno yamebaki machache, alinichokoza: "Niandike kwa herufi kubwa, karani wetu! Wajue nani alikunywa soda yao." Tukacheka. Mwisho nikaandika jina langu, la kumi na mbili. Ulikuwa ukurasa wa pili. Wa kwanza sikuuomba.

Jana niliuomba. Naibu wa chifu akafungua faili akanipa. Juu kabisa kulikuwa na mistari mitatu ya Kiingereza, na niliisoma polepole, kidole kwa neno. Ilisema sisi tuliotia sahihi hatuna pingamizi jengo libomolewe.

"Nilidhani ni ya mahudhurio," nikasema.

"Ni ya mahudhurio, mama."

"Hatukukubali kitu. Tulikuja kusikiliza."

"Mlikuja, mkasikiliza, mkatia sahihi."

"Basi futa jina langu. Na hao kumi na mmoja ufute, niliwaandika mimi."

"Hii ni nakala tu. Ile yenyewe ilienda." Akaangalia ukurasa tena. "Na mwandiko ni mzuri kweli. Kama wa karani."

Sidhani alinidharau. Pengine hata yeye alipewa karatasi ikiwa tayari. Lakini nilitoka hapo bila kumuaga. Kila herufi iliyokaa kwa mstari pale ukurasani nilifunzwa kwenye baraza ile, na baraza ile imeangushwa na herufi hizo hizo. Aliyeficha maneno yake ukurasa wa kwanza namkasirikia, na nitamkasirikia mpaka nife. Mimi mwenyewe sijui nijifanyie nini.

Nilirudi kwa njia ya posta. Paa halikuwepo tena. Jua la saa saba lilikuwa limelala juu ya sakafu yote nyekundu, pahali ambapo maisha yangu yote sijaliona likiingia. Ukuta wa vidole ulikuwa rundo.

Jioni nikaandika barua ya malalamiko, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Mawe hayatarudi, najua, lakini angalau ijulikane wamama hawa hawakuuza chochote. Nilipoikunja nikashikwa na ujinga wa kujiuliza nitaitia tundu gani. Halafu nikaenda nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani.

Nilimkuta akichambua mbaazi. Nikamweleza kila kitu, na lile kosa langu bila kulipunguza. Hakuniita karani wetu. Nikaweka barua juu ya ungo na kidau cha wino kando yake, nikamwonyesha pahali pa kidole.

Akaficha mkono ndani ya leso.

"Soma kwanza," akasema.

Nikasoma yote, kutoka tarehe hadi nukta ya mwisho. Aliangalia mdomo wangu, sio karatasi.

"Rudia."

Nikarudia.