Mikono ya Mama na Vitamini E

Krimu ya kwanza niliyopika na dada yangu ilikuwa ya mafuta ya parachichi na nta ya nyuki. Ilinukia vizuri wiki mbili, kisha ikaanza kunuka kama mlango uliopakwa rangi jana. Mafuta yalikuwa yamechacha, na harusi ya dada ilikuwa Jumapili iliyofuata.

Bibi harusi hakujihangaikia. Alihangaikia mikono ya Mama. Mama amechuma majani chai hapa karibu na Nyaramba tangu hatujazaliwa. Vidole vyake vimepasuka, na mipasuko imeingia weusi usiotoka kwa sabuni. Alikuwa ameshatangaza kwamba kwenye picha ataificha chini ya leso.

Tukapika upya. Safari hii tulihitaji antioksidanti, yaani kitu cha kuzuia mafuta yasichache. Simu ya dada ilisema chai.

"Chai tunayo shamba zima!" akapiga kelele, akiruka jikoni.

"Hamnipaki chai," Mama akasema.

Sisi ni Wasabato wa ile aina ya zamani: chai tunaichuma, tunaipeleka kupimwa, hatuinywi.

"Si kunywa, Mama. Ni kupaka tu."

"Kama ngozi hainywi, hayo mafuta huwa yanaenda wapi?"

Nikakimbia kwa duka la dawa, nikarudi na boksi la vidonge laini vya vitamini E, nayo huzuia mafuta yasichache. Mama akavaa miwani, akasoma.

"Jelatini ni nini?"

"Ni ganda la nje," dada akasema. Hajui kudanganya. "Huchemshwa kutoka kwa ngozi za wanyama."

"Wanyama gani?"

"Hawajaandika."

"Nguruwe hajawahi kujiandika."

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Mama hakucheka. Alichomoa sindano kwenye sare ya kwaya aliyokuwa akishona, akatoboa kidonge na kukiminya. Tone la dhahabu likaanguka bakulini. Ganda akamrushia kuku mlangoni.

"Huyo hajabatizwa."

Tulitoboa, tukaminya, tukacheka mpaka boksi likaisha. Wiki nzima Mama alijipaka bila kuambiwa.

Jumapili, mpiga picha alipotuita, leso ilibaki kwenye kiti. Mama akaweka mikono yote miwili mabegani mwa binti yake, vidole vimetanuka, vinang'aa. Weusi haukutoka. Kwenye picha, alama za mafuta zinaonekana wazi kwenye gauni, nalo lilikuwa la kukodi, na anayecheka kuliko wote ni dada.