Masika Wawili wa Mavivi

Ndege tuliisikia, hatukuiona. Tulikuwa tumesimama juu ya kilima cha Rughenda, kando ya uwanja mdogo wa ndege wa Butembo, ambao wakati ule wa vita ulikuwa ukanda wa udongo wenye majani pande zote mbili. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mbuzi waliokuwa wakila hatua chache kutoka kwetu tuliwajua kwa kulia kwao tu. Hewa ilinuka majani mabichi na moshi wa mikaratusi uliopanda kutoka majikoni mwa watu wa chini ya kilima. Juu yetu injini ikapita ikinguruma, ikaenda upande wa Musienene, ikarudi, ikapita tena. Mara ya tatu ilishuka sana hata mbuzi wakatimua mbio, nami nikamkumbatia dada yangu nikidhani sasa inatua. Kisha mlio ukapanda, ukaelekea kaskazini, ukafifia na kupotea. Ndipo nikaisikia tena sauti niliyokuwa nikiisikia kwa siku tisa mfululizo, pumzi ya dada yangu ikipiga mluzi kooni.

Kwetu sisi Wanande jina la mtoto hufuata zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, kwa hiyo dada yangu alikuwa Masika nami Kavira, na wazazi wetu hawakuhitaji kuumiza kichwa. Simama sokoni Butembo uite Masika, uone wauza vitunguu wangapi watageuka. Masika wetu alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi na mmoja. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kula, tena alipenda kuvifanya vyote viwili kwa wakati mmoja, na hilo ndilo lililomponza. Tulikuwa tunakula samaki wa Kyavinyonge waliopikwa kwa nyanya, yeye akihadithia kisa fulani cha shuleni huku anatafuna, mwiba ukamkwama. Mama akampa matonge makavu ya bugali ayameze bila kutafuna, dawa ya kila nyumba, na tonge la tatu likausukuma mwiba ndani zaidi. Sauti ilikatika siku ile ile, na siku ya sita shingo ilikuwa imevimba. Daktari alisema chombo cha kuutolea kiko Kampala, na kwamba uvimbe ukiendelea hivyo utaziba njia ya pumzi kabla ya wiki kwisha. Barabara ya kwenda mpakani ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki. Ilibaki ndege moja ndogo iliyobeba wagonjwa, na ndani yake tuliahidiwa kiti kimoja. Mtawa angempokea Masika huko aendako.

Jina lake alilituma baba. Baba alikuwa katekista, mtu wa maneno machache ambaye hata kwenye bei ya viazi alikuwa hajui kudanganya, na mama alimtania kwa hilo kila siku ya soko. Alhamisi jioni, mvua ilipokatika, nilikwenda naye kwenye nyumba yenye radio ya mawasiliano, ile tunayoiita fonii, nikamsikia fundi akilitamka jina mara mbili kwenye chombo: Masika, mgonjwa, Masika. Kesho yake, Ijumaa, tulikuwa Rughenda kabla ya jua. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa sauti ya Masika. Nilijua kidole kimoja ni maji, viwili ni kunyanyua kichwa, na kufumba macho kwa nguvu ni kwamba anaogopa. Mtu akimuuliza neno, mimi ndiye niliyejibu, na kwa siku tisa nilizoea hivyo.

Mlinzi wa uwanja alitoka kibandani na kikaratasi. Rubani alikuwa amesema kwa fonii kwamba anakwenda kutua Mavivi, uwanja wa Beni, na atakaa huko mpaka saa sita tu, kwa kuwa mvua ya msituni haimngoji mtu. Ilikuwa saa mbili kasoro. Kutoka Butembo hadi Mavivi ni zaidi ya kilometa sitini, na kwa tope la miaka ile kuna watu waliotumia siku nzima. Papa Shabani, msafirishaji wa Beni aliyetuleta kilimani na pikapu yake, alikuwa amekwisha kuwasha injini. Alikuwa Mwislamu na baba katekista, na kila walipokutana walitaniana kuhusu nani ataingia mbinguni kwanza, lakini asubuhi ile hakukuwa na utani.

"Mupande," alisema. "Mutoto alale katikati. Kavira, shika kichwa. Tukifika tumefika."

Sijawahi kuichukia barabara kama nilivyoichukia ile. Masika alikuwa amelala mapajani mwangu, na kila gari lilipotumbukia shimoni mluzi ulikatika, nami nikakata pumzi yangu mpaka uanze tena. Baada ya Maboya tulikwama nyuma ya lori lililozama tope hadi magurudumu hayaonekani. Baba alishuka na viatu vyake vya misa, akasukuma pamoja na wengine, akarudi amejaa tope mpaka kifuani. Papa Shabani alikuwa akiangalia saa, halafu ananiangalia mimi kwenye kioo, halafu saa tena. Nilitaka kumwambia aache.

Huko Kabasha, barabara inapoanza kuteremka, kulikuwa na kizuizi cha mwanzi, na askari walitaka gari letu likawabebee mizigo yao hadi Maboya, tulikotoka. "Bokita, bino nyonso!" mmoja alipiga kelele kwa Kilingala, akituamuru tushuke wote. Baba alianza kueleza kwamba mutoto iko na mufupa ya samaki mu koo. Askari hakumsikiliza, mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango. Hapo Papa Shabani akazima injini, jambo lililonifanya nidhani ameshindwa, akasema polepole, "Chef, kuya usikilize wewe mwenyewe. Weka sikio hapa." Yule askari aliinama. Alikuwa kijana, ananuka tumbaku na jasho. Aliweka sikio karibu na shingo ya Masika, akakaa hivyo kwa muda, kisha akarudi nyuma haraka kana kwamba ameungua. "Bokende, noki!" akasema, yaani twende haraka, akaunyanyua mwanzi kwa mikono yake. Nami nikaona anajifuta sikio.

Chini ya Kabasha baridi ya kwetu iliisha na joto la Beni likatupokea. Tulipita mjini bila kusimama, tukachukua njia ya kaskazini kati ya migomba na miti ya mbao, na saa tano na nusu tukaiona ndege. Ilikuwa imesimama pale Mavivi, nyeupe, ndogo kuliko nilivyoiwaza. Nililia kwa furaha, nasema wazi, kwa kuwa niliamini kwamba shida yetu ilikuwa njia, na njia tumeimaliza.

Kando ya uwanja palikuwa na kivuli kidogo cha paa la mabati. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa pale na mke wake, aliyelala juu ya mkeka, tumbo limevimba ingawa hakuwa mjamzito. Alikuwa mkulima wa upande wa Oicha, jina lake Kasereka. Alipotuona alimsogeza mkewe taratibu. "Mumulaze hapa, kuko nafasi," akasema, kisha akalowanisha kitambaa chake kwa maji yao, akanipa nimpanguse Masika midomo. Mke alinitazama. "Mutoto anaitwa nani?" Nikajibu, Masika. Akatabasamu. "Na mimi ni Masika. Basi tuko babili." Akajaribu kucheka, akashika tumbo.

Bwana mmoja aliyeshika orodha ya abiria alikuja akitembea upesi, karatasi mkononi. Hakuwa mtu wa kwetu, alitoka mbali, na karatasi yake ilikuwa imenakiliwa upya asubuhi ile. Aliita, "Masika!" Baba akainuka. Kasereka naye akainuka. Yule bwana akawatazama, akaitazama karatasi, na nikaona uso wake unabadilika.

"Mais, kuko Masika wawili? Mimi niliona jina moja mara mbili, nikajua balikosea kuandika. Nikakata moja."

Kiti alichokiondoa alikuwa amekwisha kumpa mkubwa fulani wa kijeshi, aliyekuwa tayari ndani ya ndege, mkoba magotini, akitazama upande mwingine. Huyo hakuna ambaye angethubutu kumteremsha. Rubani alikuwa ameanza kuzunguka ndege yake akikagua magurudumu, na juu ya msitu wingu lilikuwa jeusi. Yule bwana alijipangusa jasho. Sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Alitafuta kanuni ya kumwokoa, akaipata. "Nafasi ni moja. Nani alituma jina wa kwanza? Huyo ndiye atapanda."

"Sisi tulituma siku ya pili," Kasereka alisema bila kusita. Hivyo ndivyo tunavyozihesabu siku kwetu: Jumatatu ni siku ya kwanza, Jumanne ya pili, na Alhamisi ni siku ya nne.

Nilimtazama baba. Nilijua anatafuta neno gani, nikajua pia kwamba hatalipata, kwa kuwa hakuwahi kulitafuta maishani mwake. Masika alikuwa amefumba macho kwa nguvu. Mluzi ulikuwa mwembamba sana sasa. Nikafanya nilichokuwa nikikifanya kwa siku tisa, nikajibu kwa niaba yake.

"Sisi ni siku ya kwanza."

"Ni kweli, papa?" yule bwana akauliza. Baba aliinama, akamnyanyua Masika. Viatu vyake vyenye tope viliteleza hata akayumba, na aliyekimbia kumshika Masika miguu, wakambeba pamoja hadi mlangoni mwa ndege, alikuwa Kasereka. "Wasingya," baba akamwambia, asante ya Kinande, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake kabla wala baada. Kasereka akasema, "Mungu amusaidie mutoto." Wakati anarudi kwenye mkeka nilisikia yule bwana wa orodha akimwambia kwamba labda wiki ijayo itakuja nyingine. Mke wake alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

Njiani kurudi baba alisema jambo moja tu. "Kavira, ile neno ni yangu. Wewe ulikuwa unasemea dada yako." Jumapili iliyofuata alirudisha kitabu cha mafundisho na ufunguo wa kanisa dogo la mtaani, akasema magoti yanamsumbua. Mama alishangaa, maana magoti hayo yaliendelea kulima vizuri tu. Hakufundisha tena mpaka alipofariki, na sikuwahi kumwambia mama sababu.

Masika alirudi baada ya miezi miwili, amekonda, sauti imekwaruza, anacheka. Leo ana watoto watano na duka la vitenge. Mambo yamebadilika. Siku hizi ukiwa na safari ya Mavivi unapiga simu kwanza, unaulizia kama ndege imetua, na orodha zinaandika majina matatu matatu pamoja na picha. Barabara ile ina hofu zake nyingine, labda kubwa kuliko zetu. Miaka kadhaa iliyopita, kulipotulia kidogo, nilifika Oicha nikamuulizia Masika, mke wa Kasereka, aliyeumwa tumbo wakati wa vita. Mama mmoja aliyekuwa akimenya mihogo alinicheka. "Yupi sasa, dada? Hapa hata mimi ni Masika, na bwana yangu ni Kasereka." Nikacheka naye, nikarudi nyumbani nikiwa na homa.

Dada yangu hajui. Pale Mavivi alinisikia nikisema siku ya kwanza, na kwa kuwa hakuwa nasi kwenye fonii, aliamini. Kila mwaka, karibu na tarehe ile, anachinja kuku, anatukusanya, na kabla hatujagusa chakula anasimama na sauti yake ya kukwaruza kumshukuru Mungu aliyeliandika jina lake likawa la kwanza. Watoto wake wanaitikia amina. Nami naitikia, kwa nguvu kuliko wote, kisha nakula.