Wavu wa Dagaa Juu ya Paa la Bibi

Naanza kwa kukiri: wale kunguru wote waliotua juu ya paa la Bibi pale Ujiji, aliyewaalika ni mimi. Mpaka leo shuleni wapo wanaoniita Mama Kunguru, na mimi hasira zimeshaniishia, naitika.

Ilikuwa hivi. Mama mdogo Mwajuma, muuguzi huko Mtwara, ambaye Bibi hajamtia machoni miaka minne, alipiga simu kwamba saa kumi ataonekana kwenye televisheni akieleza habari za vyandarua. Bibi akaoga, akavaa kanga mpya, akakaa mbele ya kioo cha televisheni tangu saa nane (utadhani mgeni anaingilia mlangoni). Tatizo antena yetu: picha inaganda, inaruka, inapotea. Sasa mimi, ambaye fizikia nusu nasikia nusu nasinzia, nikakumbuka mwalimu alisema ukiweka wavu wa chuma nyuma ya antena, mawimbi yanakusanyika. Na wavu wa chuma nilijua ulipo: kwa jirani yetu Mama Shida, kwenye kichanja chake cha kuanikia dagaa. Nikamwaga dagaa kwenye beseni, nikaukung'uta wavu kidogo (hiyo kidogo ndiyo iliyoniponza), nikapanda nao paani, nikaufunga.

Jamani, picha ikang'aa mpaka chunusi ya mtangazaji niliiona! Nikapita mtaa mzima najitangaza fundi, watu wakajaa sebuleni.

Saa kumi Mama mdogo akatokea, akafungua mdomo, na picha ikaganda hapo hapo, mdomo wazi. Juu bati linalia ka-ka-ka. Nikatoka mbio: kunguru kama wameitwa harusini, na paka wawili, wote wanang'oa dagaa walionasa kwenye nyaya, antena imegeukia Kongo. Nikapanda na sketi yangu ya shule, mkono mmoja nikanyoosha mlingoti, mwingine nikapunga kandambili.

"Hapo hapo! Usiachie!" wakapiga kelele ndani.

Ndipo Mama Shida akatokea uani. "We Tatu! Huo si wavu wangu? Na dagaa wangu wako wapi, mwizi we?"

Sebule nzima ikamiminika nje kunitazama. Akabaki Bibi tu. Mama Shida akaenda mlangoni kunishtaki, lakini akaishia kizingitini, na sote tukamsikia Bibi akiongea na kioo: "Mwana wanje, mwanangu, mbona umekonda? Unakula kweli?"

Mama Shida akarudi taratibu, akaninong'oneza kutoka chini, "Ukiachia hiyo antena kabla hajamaliza, nitakuanika wewe." Akavua kanga yake ya begani, akaanza kunifukuzia kunguru.

Nilishuka na kinyesi begani.

"Umemwona?" Bibi akauliza.

"Sikumwona, Bibi, nilikuwa juu."

"Basi kaa nikusimulie."

Kipindi cha dakika tano alikisimulia mpaka magharibi, na chandarua hakukitaja hata kimoja.

Wiki nzima niligeuza dagaa wa Mama Shida juani, shingo ikababuka. Naapa sichukui tena cha jirani bila kuomba. Ila Mama mdogo akitokea tena, paani nitapanda. Wavu nitauomba, na nitauosha kwanza.