Siku Mdogo Wangu Alipopiga Magoti

Mdogo wangu alikuwa na kovu la maji ya moto, limevimba na kujikunja kutoka juu ya goti hadi katikati ya paja. Posa ilipokubaliwa hofu ikamwingia: siku ya kuogeshwa bi harusi kungwi ataliona, na ukweni watajua. Akasema bora likatwe. Mimi, dada yake, ndiye niliyempeleka Korogwe kwa siri.

Daktari alilikata, akavuta ngozi, akashona. Siku ya kuturuhusu alinitazama mimi.

"Siku arobaini asichuchumae, asipige magoti. Atembee hatua chache tu. Nyuzi zikifumuka, mguu unaweza kuharibika."

Nikaitikia kama mtu mwenye akili. Nyumbani nilitoboa kiti kibovu ili aende chooni bila kuchuchumaa.

Kwetu Kang'ata tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, nyumba mstari kwa mstari, jirani akikohoa unamsikia. Wakauliza mbona haonekani shamba la kijiji. Nikasema ana homa. Uongo wangu ukafika safu ya pili, kwa mama wa mchumba wake, na siku ya kumi na mbili mama huyo akaja na uji wa mgonjwa. Alimkuta mdogo wangu kasimama uani, anafanya zile hatua zake chache.

Kwetu mkwe hasalimiwi kwa miguu iliyonyooka. Mdogo wangu alinitazama. Nilijua anauliza nini, na aibu ikanishinda. Nikamwonyesha ardhi kwa macho.

Akashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Homa imepungua?"

Akaulizwa ya usingizi, ya chakula, ya wazazi, akajibu yote palepale chini. Alipoinuka, kanga ilikuwa imelowa damu.

Jeraha lilioza. Alilazwa Korogwe tangu masika hadi mahindi yakavunwa. Paja likapona limekaza, kovu kubwa kuliko la kwanza, na goti lile halikukunjika tena. Mpaka leo anaswali ameketi, mguu mbele. Hajanilaumu hata siku moja, na afadhali angenitukana. Mtoto akitaka kunipigia magoti namdaka mkono kabla hajafika chini, watu wanasema nina kisirani.

Ndoa haikuvunjika. Siku ya harusi mama mkwe wake alinivuta pembeni. Alikuwa ameshajua yote.

"Mngeniambia tu, mwanangu," alisema. "Ningeinama mimi."