Mbwa Waliokuja Walipoitwa

Mtaani walimwita Mama Sufuria, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Mara moja kwa mwezi, saa mbili asubuhi, mwanamke mfupi aliyevaa aproni ya kijani alisimama kwenye njia panda nyuma ya soko, akainua sufuria kuukuu iliyobonyea ubavuni, akaigonga kwa mwiko mara tatu, polepole. Kisha akangoja. Mbwa walichomoka chini ya meza za wauza mboga, nyuma ya gereji, ndani ya nyumba isiyoezekwa ambayo mwenyewe aliishia kwenye lenta. Walikuja mbio, mikia juu, kama wanafunzi waliosikia kengele ya kwenda nyumbani.

Ndani ya sufuria mlikuwa na vipande vya mapafu ya ng'ombe vilivyochemshwa. Mbwa anayekula haangalii sindano. Akishainamisha kichwa, daktari wa kituo cha wanyama anamchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, na Mama Sufuria anamfunga utepe wa kijani shingoni. Utepe ulikuwa na maana moja: huyu amechanjwa, asiguswe. Kwa miaka minane askari wa halmashauri waliuheshimu.

Kituo chenyewe ni kidogo. Mabanda kumi na mawili ya matofali, stoo, bomba moja, na chumba cha matibabu chenye meza ya vigae, vyote kwenye kiwanja cha halmashauri. Huletwa humo mbwa waliogongwa na magari, paka waliofungiwa ndani ya nyumba zilizohamwa, na mara moja punda ambaye hakuna aliyejua la kumfanyia. Mama Sufuria aliajiriwa kufagia. Mbinu ya sufuria aliigundua bila kuitafuta: siku moja alikuwa akiigonga ukingoni mwa jaa ili makoko yadondoke, alipogeuka akakuta mbwa watano wamejipanga nje ya uzio wakimwangalia.

Kuwaita mbwa kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwa wenyewe, kwa sababu mbwa wengi wa mtaa ule wana mtu anayewatupia chakula, na mtu huyo hapendi kuona mnyama wake akipakiwa kwenye gari la watu. Alipita nyumba kwa nyumba miezi mitatu, akirudia maneno yale yale: "Tutamchanja, na atarudi. Akipotea mikononi mwetu usiende kwa daktari. Njoo mlangoni kwangu mimi."

Watu walimwamini, kila mmoja kwa namna yake. Fundi viatu wa kwenye kona, ambaye mbwa wake mwembamba aliitwa Msumari, alimwamini kwa kumtania.

"Mama Sufuria, siku nikisikia kunanukia supu huko kituoni, namtafuta Msumari kwanza."

"Huyo? Mifupa mitupu. Nitamuungia nini, gundi yako?"

Miaka minne iliyopita mume wa mdogo wake Mama Sufuria alipunguzwa kazi kiwandani, akakaa nyumbani mwaka mzima akigombana na redio. Mama Sufuria ndiye aliyekwenda kwa daktari kumwombea udereva wa pikapu ya kituo. Alimfundisha mwenyewe jinsi ya kusoma masikio ya mbwa kabla ya kunyoosha mkono. Siku yeye mwenyewe aliposhikwa na homa asiweze kutoka, alimfundisha na kuigonga sufuria.

"Tatu, shemeji. Polepole. Ukiharakisha wanadhani unawafukuza."

"Nikifa njoo unigongee hivi hivi kaburini, nitafufuka."

"Wewe utafuata mapafu, siyo mimi."

Shemeji alirudia mpaka akaipata. Mbwa hawakuona tofauti.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, mtoto aliumwa na mbwa katika kata nyingine ya mji. Mbwa huyo hakuwa na utepe. Afisa mpya wa halmashauri alitangaza kwamba mitaa yote itasafishwa. Mama Sufuria hakukosa usingizi kwa ajili ya tangazo hilo. Alichofanya ni kupita akikaza tepe zilizolegea.

Jumatatu iliyofuata daktari alimwita ofisini, akampa barua. Semina ya siku moja, Jumatano, upande wa pili wa mji, kuhusu usafi wa mabanda.

"Miaka yote hii hujapelekwa hata moja," daktari alimwambia. "Sasa ni zamu yako, mama."

Alipiga pasi gauni lake la sherehe. Huko semina alifundishwa kuosha bakuli za mbwa, kazi aliyokuwa akiifanya tangu mwalimu wake yuko shule ya msingi. Alipewa chai na cheti chenye jina lake kamili. Alirudi nyumbani jioni amefurahi, akamwonyesha jirani.

Alhamisi asubuhi alikuta sufuria mahali pake, kwenye msumari wa stoo, lakini iling'aa. Ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga ndani na nje, mpaka masizi ya miaka yametoka. Shemeji alikuwa uani akifuta vioo vya pikapu.

"Umeiosha wewe?"

"Ilikuwa chafu, shemeji. Nikaona nikusaidie."

Alimshukuru.

Saa tano alichukua chupa ya dawa ya masikio, akaenda kwenye kona. Fundi viatu alikuwa akigonga kisigino, na hakuinua uso.

"Za kazi, fundi. Msumari yuko wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nimemletea dawa ya sikio."

"Mlimwita jana, akaja. Sasa hivi sikio la nini?"

Mama Sufuria alidhani ni utani mwingine, akacheka. Fundi akaweka nyundo chini.

"Gari lenu. Sufuria yako. Shemeji yako. Tatu, polepole, kama unavyogonga wewe. Askari wa halmashauri wamejibanza ukutani pale gereji. Msumari nilikuwa nimemfunga, maana nilishasikia matangazo. Nilipoisikia sufuria nikamfungua. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Nikamwambia nenda, Mama Sufuria anakuita."

"Fundi, mimi jana sikuwepo."

"Najua hukuwepo. Nyama ilikuwa na sumu. Hata dakika kumi hawakumaliza. Wakawarushia kwenye lori."

"Na tepe?"

"Nani aliangalia tepe?"

Alirudi kituoni kwa miguu, chupa ya dawa mkononi. Daktari alikuwa chumba cha matibabu akimtoa paka nyuzi za kidonda. Hakukana kitu. Alimaliza nyuzi, akamrudisha paka kwenye kizimba, akanawa mikono.

"Kiwanja hiki ni chao, mama. Mkataba unaisha mwezi wa sita. Waliniambia waziwazi: ama tuwasaidie kusafisha mitaa, ama wavunje mabanda. Hapa ndani tuna mbwa thelathini na mmoja. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana nikakutafutia semina."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeeleza kipimo cha dawa. Akaongeza kwamba makubaliano yalikuwa ni kuchukua wasio na utepe peke yao, na askari ndio waliovuruga.

"Daktari," Mama Sufuria alisema, "asiye na utepe haji kwenye sufuria. Haijui. Wanaokuja ni wale tuliowazoesha. Mmewaua waliochanjwa, wale wakali bado wako huko nyuma ya gereji."

Daktari ana shahada mbili na miaka ishirini ya kazi hiyo. Alitazama sakafu. Hilo halikuwa limempitia akilini. Siku ile mtu pekee ambaye angemwambia alikuwa mbali, akifundishwa kuosha bakuli.

Alasiri Mama Sufuria alikwenda kwa mdogo wake. Shemeji alikuwa amekaa sebuleni, viatu bado miguuni.

"Niliagizwa na bosi," alianza kabla hajasalimiwa.

"Kuagizwa nimeelewa. Kuosha sufuria uliagizwa na nani?"

"Ilibaki na ile dawa. Ningeiacha vile ungewalishia wale wa ndani, shemeji, wangekufa wote. Nilikuwa nakulinda."

"Ungesema usiitumie, ina sumu. Maneno matatu hayo."

Shemeji alivua kiatu kimoja, akakivaa tena. Mdogo mtu akatoka jikoni akifuta mikono.

"Dada, ni mbwa tu. Unataka mume wangu akose kazi kwa sababu ya mbwa?"

"Hiyo kazi nilimwombea mimi."

"Haya, tumesikia. Utatusimanga mpaka lini?"

Mama Sufuria akatoka. Dada hao wawili, ambao walilelewa kitanda kimoja na kugawana hata chanuo, hawajakaa tena meza moja tangu siku ile. Wakikutana dukani wanaulizana habari za watoto.

Kisha watu wakaanza kuja mlangoni kwake, kama alivyowaambia mwenyewe waje. Walikuja siku tatu. Wengine walimtukana. Mzee mmoja aliyeishi na mbwa wake peke yao alikaa kwenye kizingiti, akaomba maji, akanywa, akaondoka. Muuza mboga mmoja alimuuliza kama alijua.

"Sikujua."

"Wewe ndiye unayepanga siku za sufuria, halafu hukujua?"

"Nilikuwa semina."

"Siku hiyo hiyo?" Muuza mboga alitazama ndani, akaona cheti mezani. "Na cheti ukapewa. Hongera."

Ukweli wake ulisikika kama uongo uliotungwa vizuri. Baada ya hapo aliacha kusema kwamba hakujua. Aliyekuja alimkaribisha, akamwambia: mbwa wako ameuawa, ameitwa kwa sufuria yangu, aliyeigonga nilimfundisha mimi. Marafiki walimshauri aache kazi. Anasema wale thelathini na mmoja wanataka kula saa kumi na mbili asubuhi, na hawana habari za mkataba. Mkataba, kwa taarifa, umeongezwa miaka mitano.

Chanjo ya mwezi uliofuata ilifanyika langoni mwa kituo, maana kwenye njia panda hapakuwa na wa kumwita. Meza iliwekwa kivulini, sindano zikapangwa juu ya barafu, daktari akavaa glavu. Saa tatu hakuna mtu. Saa nne hakuna mtu. Shemeji alikaa ndani ya pikapu, kioo juu, akijifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Saa nne na nusu akatokea mfua nguo wa safu za mwisho za nyumba, mwanamke kijana mwenye viganja vilivyokunjamana kwa maji ya sabuni, akivuta mbwa wa miezi sita kwa kamba ya kuanikia. Ni mmoja wa wachache waliohamia mtaani baada ya mwezi wa tatu. Alisikia habari nusu nusu, lakini alisikia pia kwamba kichaa cha mbwa hakina tiba. Alifika mezani, akamwangalia daktari, akaangalia aproni ya kijani, akanyoosha mkono wenye kamba.

"Huyu hapa, mama. Nikuachie nikapitie sokoni? Nitamfuata mchana."

Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Mama Sufuria hakuipokea kamba.

"Shika mwenyewe," alisema. "Mshike kichwa, achomwe ukiwa unaona. Akimaliza ondoka naye."

"Si ni kituo hiki? Nimeambiwa mnawatunza."

"Tunawatunza. Usimwache."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu."

Daktari alisimama na sindano mkononi. Mfua nguo alijifunga kamba kiganjani mara mbili, akapiga magoti, akamkumbatia mbwa wake shingoni.